Mtoto wa mpakani hakosi akili, anakosa wa kumkagulia karatasi

MTU aliyewahi kulala Malaba akingoja mzigo wake uvuke anajua jambo ambalo maprofesa wengi hawalijui. Lori halizuiwi kwa sababu bidhaa ni mbovu. Aghalabu huzuiwa kwa sababu jina lililo kwenye hati moja halilingani na lililo kwenye nyingine, au tarakimu moja imerukwa. Mahindi ni makavu, dereva ni mzima, mafuta yapo kwenye tangi, lakini gari linalala.

Nimefundisha chuo kikuu pande zote mbili za mpaka huu kwa zaidi ya miaka 20. Katika muda huo, kazi iliyonila usiku wangu mwingi haikuwa kusahihisha mitihani bali kuwasaidia vijana kutafuta ufadhili wa masomo. Na nasema hivi kwa uchungu: watoto wetu wa Kwapa, Mella, Adungosi na Amagoro wanaozikosa nafasi hizo, wengi hawazikosi kwa uhaba wa akili. Wanalala mpakani kama lori lile.

Mimi ni mzaliwa wa Kwapa, gombolola iliyo upande wa Tororo, si mbali na Malaba. Baba alibeba watu kwa baiskeli. (Wasomaji wa Kampala na Nairobi wanaodhani neno boda boda ni lao wajue lilizaliwa huku mpakani, enzi ambapo waendesha baiskeli walivusha abiria na mizigo kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine.) Karo yangu ilitoka kwenye pedali zile. Nilisoma Uganda, nikapata shahada ya uzamili ng'ambo kwa ufadhili, nikarudi nikafundisha Kenya, kisha nikarejea nyumbani. Kwa hivyo ninaposema na nyinyi mliorudi kutoka nchi za watu, na nyinyi mnaovuka kila siku na trei za mayai na magunia ya maharagwe, nasema na watu wa kwetu.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia msichana ambaye mamake aliuza nyanya na vitunguu Malaba, karibu na reli. Kenya ilipoanzisha elimu ya msingi bila malipo mwaka wa 2003, wapo watoto wa upande wetu waliovuka kwenda kusoma, kama walivyovuka wengine kuja huku Uganda ilipofanya hivyo mwaka wa 1997. Msichana huyu alipelekwa kwa mama yake mkubwa, ng'ambo ya pili. Huko akaandikishwa shuleni kwa jina la mume wa mama mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akihudhuria mikutano ya wazazi. KCPE akaifanya kwa jina hilo.

Aliporudi Uganda kuanza sekondari, akaandikwa kwa jina la ukoo wa babake. Mwaka wa kuzaliwa nao ukasogezwa mbele, ili asionekane mkubwa kuliko wenzake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mtu alikuwa akimsaidia mtoto.

Kidato cha sita alipita vizuri sana, hisabati na fizikia hasa. Tukaomba ufadhili wa kusomea uhandisi ng'ambo. Akapita insha, akapita mahojiano. Kisha wafadhili wakamwandikia kwamba wanampa siku kumi awatume vyeti vyake vyote tangu shule ya msingi na uthibitisho wa uraia. Vyeti vilikuwa na majina mawili na miaka miwili ya kuzaliwa. Zikahitajika hati ya kiapo mbele ya wakili, barua ya mwenyekiti wa LC1, barua za shule zote mbili, na barua yangu mimi kama mdhamini wake wa kitaaluma, nieleze kwamba huyu ni mtu mmoja wala si wawili.

Nilikuwa kwenye kongamano nchi nyingine. Ujumbe wake niliuona siku ya pili. Nikajiambia nitaushughulikia nikimaliza kuwasilisha makala yangu, ambayo niliihitaji ili nipandishwe cheo. Nilipokumbuka, zilikuwa zimebaki siku mbili, na moja ilikuwa Jumapili. Nafasi ikapewa aliyemfuata.

Makala yale yalichapishwa na cheo nikapata. Sidhani yamesomwa na watu kumi.

Msichana hakunilaumu. Mamake ndiye aliyesema neno, na alilisema kwa upole ulionikata maini. Nilimkuta kwenye meza yake, akanipimia nyanya, akaongeza mbili juu kama ilivyo desturi yake. Akasema: "Mwalimu, mimi nilidhani shida ni pesa. Kumbe ni jina. Sasa jina ningelinunua wapi?"

Tangu siku hiyo nina daftari kubwa la jalada gumu. Silijazi alama za wanafunzi. Naandika jina la mtoto kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha kama lilivyo kwenye cheti cha shule ya msingi, cha sekondari, kwenye kitambulisho cha taifa na pasipoti, mstari chini ya mstari. Mistari isipofanana tunaanza kuirekebisha mwaka huo huo, kabla hata ya kujua mtoto ataomba nafasi gani. Na katika daftari hilo, waliokwama kwa alama ni wachache kuliko waliokwama kwa karatasi au kwa kupitwa na makataa.

Si mimi niliyegundua kwamba kazi hii inahitaji mtu wa kukaa na mtoto. Kule Bonde la Ufa kuna mfano ambao ningependa kila mhadhiri aujue.

Wazee wanamkumbuka Mike Boit kama mkimbiaji. Alishinda medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki za Munich mwaka wa 1972, na mwaka wa 1978 akatwaa dhahabu ya mbio hizo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Canada. Wanaosahau ni kwamba miguu ile ilimlipia masomo. Alisoma Chuo Kikuu cha Eastern New Mexico, akaendelea Stanford, kisha akapata shahada ya udaktari Oregon. Angeweza kubaki Marekani. Alirudi, akafundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na katika miaka ya 1990 akawa kamishna wa michezo wa Kenya.

Mwaka wa 2004, yeye pamoja na mwandishi wa habari Mmarekani John Manners na mfanyabiashara wa Canada Charles Field-Marsham walianzisha mpango ulioitwa KenSAP. Walitafuta vijana wa kaunti za Bonde la Ufa waliokuwa wamefanya vizuri kabisa katika KCSE, wengi wao watoto wa wakulima wadogo, ili waingie vyuo bora vya Marekani. Kwa kuwa ni Wakalenjin, walipimwa pia kwa mbio za mita 1,500, hata wale ambao hawakuwa wamewahi kufanya mazoezi! Nani anajua, huenda kocha fulani akavutiwa.

Lakini mbio si kiini cha habari. Kiini ni kilichofanyika baada ya hapo. Waliochaguliwa waliwekwa pamoja Iten kwa majuma kadhaa, wakafundishwa mtihani wa SAT, wakafundishwa kuandika insha ya kujieleza, wakakalishwa na kujaza fomu moja baada ya nyingine, na kuandaliwa kwa maisha ya ugenini. Mtu mzima alikuwa akizipitia karatasi zao. Kwa mtindo huo, vijana zaidi ya 100 wameingia vyuo kama Harvard, Yale na Princeton.

Mfanyabiashara mwenzangu wa mpakani atauliza: nani alilipa? Hapo ndipo penye siri ambayo si siri. Baadhi ya vyuo tajiri sana vya Marekani, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, humchagua mwanafunzi, hata akiwa mgeni, bila kuangalia kama ana pesa. Akishachaguliwa, chuo hukadiria familia yake inaweza kutoa nini, kisha chenyewe hulipa kilichobaki. Kama familia haina kitu, chuo hulipa karibu kila kitu.

Nafasi kama hizo hazitangazwi magazetini kwa jina la ufadhili. Zimo ndani ya fomu ya kuomba kujiunga, na asiyeijua fomu hiyo hazioni. Tunawakataza watoto wetu kuomba vyuo ghali kwa sababu ni ghali, tunawapeleka kwenye vile vya bei nafuu visivyo na msaada wowote, halafu tunauza ng'ombe. Shule za kimataifa za Kampala na Nairobi zinalijua hili vizuri, na ndiyo maana zinaajiri mtu ambaye kazi yake ya mwaka mzima ni kuwaelekeza wanafunzi namna ya kuomba vyuo. Mtoto wa tajiri anaye wa kumkagulia karatasi. Halafu tunasema amewashinda wetu kwa akili.

Nirudi nyuma kidogo kwenye historia, kwani hata safari maarufu kuliko zote ilikuwa na mkono wa aina hii nyuma yake. Septemba 1959 ndege iliyobeba wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya, naye alikuwa kijana asiyefika miaka 30. Mwaka uliofuata wakaenda wengine wengi zaidi, akiwemo msichana wa Nyeri tuliyekuja kumjua kama Profesa Wangari Maathai, na kufikia mwaka wa 1963 idadi ilikuwa karibu 800. Sifa za Mboya zinamstahili. Alizungumza na wakubwa, akapata majina kama Harry Belafonte na Sidney Poitier kuchangisha pesa.

Lakini Barack Obama, babake aliyekuja kuwa rais wa Marekani, hakuwa kwenye ndege hiyo, ingawa wengi husema alikuwemo. Alikuwa karani Nairobi, hakuwa amemaliza Maseno, na alisoma kwa njia ya posta. Mwalimu mmoja Mmarekani aliyekuwa akiendesha kazi ya kisomo cha watu wazima, Elizabeth Mooney, alimwajiri ofisini mwake, akamhimiza afanye mitihani, akamsaidia kuviandikia vyuo barua nyingi na hata kuchangia gharama zake. Chuo Kikuu cha Hawaii kikamkubali, akaenda mwaka huo huo wa 1959. Mooney hakuwa mwanasiasa wala tajiri. Alikuwa mtu mwenye taipureta na subira.

Barua! Hapa naomba niwaseme wahadhiri wenzangu. Nimekaa kwenye jopo la kuchagua wanafunzi wa kufadhiliwa, na nimesoma barua za mapendekezo hadi macho yakauma. Tisa katika kumi zilisema kitu kimoja: mwanafunzi huyu ana bidii, ana nidhamu, anashirikiana vizuri na wenzake, nampendekeza bila shaka. Barua kama hiyo ni sawa na mteja kukuuliza gunia lina kilo ngapi nawe ukamjibu kwamba ni gunia zuri.

Niliwahi kumwandikia kijana mmoja ambaye alama zake zilikuwa za wastani tu. Lakini nilikuwa nimemwona likizo akiitengeneza mashine ya kusagia mahindi ya mjomba wake. Ilikuwa imekufa mwezi mzima. Hakuwa na kipuri, akachonga kingine kutoka kwa chuma cha baiskeli kuukuu, kisha akaandika kwenye kipande cha boksi ni saa ngapi mashine ilifanya kazi kila siku na lini ilianza kupiga kelele tena. Nikaeleza hivyo hivyo katika barua, pamoja na ile boksi. Alipata nafasi, akawashinda waliokuwa na alama za juu kuliko zake. Ili niandike barua ile ilibidi niwe nimefika kwao. Mhadhiri anayemjua mwanafunzi kwa nambari ya usajili pekee ataandika nini?

Sasa nije kwenye mambo ya mpaka wetu hasa, ambayo mwenzangu wa Iten hakulazimika kuyafikiria.

Mpaka huu ulitukuta hapa. Mwaka wa 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukawa sehemu ya nchi tunayoiita Kenya leo, na Wateso, Wasamia na ndugu zao wengine wakajikuta wamegawanywa. Sisi hatukuacha kuoana wala kuzikana. Mtoto anaweza kuzaliwa zahanati ya upande mmoja, akabatizwa upande wa pili, akasoma darasa la kwanza huku na la nane kule. Kwetu hayo ni maisha ya kawaida. Kwa mfadhili aliye London au Berlin, hizo ni dalili za udanganyifu.

Ongeza tofauti za mitaala. Tangu Kenya ilipoingia mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 1985 na baadaye kufuta kidato cha tano na cha sita, mtoto wa Kenya huingia chuo kikuu akitoka kidato cha nne, ilhali wa Uganda lazima aongeze miaka miwili. KCSE ikija Uganda huhesabiwa sawa na mtihani wa kidato cha nne wa hapa. Nimewaona wazazi waliorudi kutoka Nairobi na watoto wenye alama nzuri, wakidhani wataingia Makerere Agosti hiyo hiyo, wakaambiwa mtoto arudi shuleni kwanza. Na mambo yanazidi kubadilika: KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023 kwa sababu Kenya imehamia mtaala mpya, nayo Uganda ilifanya mtihani wa kwanza wa mtaala wake mpya wa kidato cha nne mwaka wa 2024. Mzazi asitegemee habari alizopewa na kaka yake mkubwa.

Upande wa Uganda, serikali hulipia takriban wanafunzi 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma. Karibu robo tatu huingia kwa ushindani wa kitaifa. Waliobaki hupitia mgawo wa wilaya ulioanza mwaka wa 2005, michezo, na nafasi za wenye ulemavu. Mtoto wa Kwapa anaweza kugombea mgawo wa Tororo, lakini akiwa na karatasi zinazosema yeye ni wa Busia ya Kenya, atabishana na nani? Huku upande wa pili mikopo na misaada ya serikali hutazama kitambulisho cha Kenya. Marais wa Afrika Mashariki walitangaza mwaka wa 2017 kwamba eneo letu lote ni eneo moja la elimu ya juu. Tangazo ni zuri. Karani aliye dirishani bado anaulizia kitambulisho.

Kwa nyinyi mliorudi kutoka ng'ambo na pasipoti mbili, sikilizeni vizuri. Uraia pacha unaruhusiwa Uganda na Kenya siku hizi. Kenya iliuandika katika Katiba ya 2010. Lakini mtoto wako aliyezaliwa Marekani akawa na uraia wa huko hawezi kuomba Fulbright kama Mkenya au Mganda, na mwenye uraia wa Uingereza hawezi kupata Chevening. Chevening yenyewe humtaka mwombaji awe na saa 2,800 za kazi, yaani karibu miaka miwili, na akimaliza masomo arudi nyumbani angalau miaka miwili. Kazi ya mama sokoni ambayo kijana amemsaidia kuweka hesabu inaweza kuwa na uzito, ikiwa tu imeandikwa na kuna mtu wa kuithibitisha. Wangapi kati yetu tumewahi kumwandikia mtoto wa ndugu barua ya kuthibitisha kazi?

Na anayekupigia simu akikutaka utume pesa ili "ashughulikie" ufadhili wa mtoto wako, au anayekuahidi nafasi ya masomo katika nchi za Ghuba bila kukutajia jina la chuo, huyo mkatie simu. Sina zaidi ya kusema juu yake.

Wako watakaopinga. Nimesikia hoja kwamba kumkagulia mtoto karatasi ni kumbeba, na kwamba mwenye akili atajitafutia mwenyewe. Wasemao hivyo, ukiwachunguza, walikuwa na mjomba katika wizara. Hoja nyingine ni nzito zaidi: kwamba tunawafundisha vijana njia ya kuondoka, na kijiji kinabaki bila watu. Siwezi kuikana moja kwa moja, maana daftari langu lina majina ya watu ambao hawajarudi hata kwa mazishi. Lakini Boit alirudi. Wangari Maathai alirudi mwaka wa 1966. William Senteza Kajubi alikuwa miongoni mwa Waganda wa mwanzo kabisa kupata Fulbright, akasoma Chicago miaka ya 1950, akarudi akawa makamu wa chansela wa Makerere mara mbili, na tume aliyoiongoza ndiyo iliyofungua njia ya elimu ya msingi kwa wote. Asiyerudi hunihuzunisha. Aliyekwama Malaba na akili yake hunihuzunisha zaidi.

Tena leo kuondoka si lazima kuwe mbali. Mwaka wa 2007 Chuo Kikuu cha Busitema kilianzishwa katika wilaya ya Busia, Uganda, pale palipokuwa na chuo cha taifa cha zana za kilimo. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Profesa Mary Okwakol, mtaalamu wa zoolojia na mwanamke wa kwanza kuwa makamu wa chansela wa chuo kikuu cha umma Uganda, akakiongoza hadi mwaka wa 2019. Upande wa Kenya, bewa la Alupe, kwenye barabara ya Busia kwenda Malaba, limekuwa chuo kikuu kamili tangu mwaka wa 2022. Vyuo vikuu viwili vya umma vinatazamana kuvuka mpaka mmoja. Hili babangu hangeliamini.

Kwa nini basi vyuo hivi viwili visiwe na meza moja ya pamoja ya kuwasaidia wanafunzi wa mpakani? Sidai jengo. Meza, viti vitatu, mtu anayejua vyeti vya Kenya na mwingine anayejua vya Uganda, na kalenda ya makataa ukutani. Tangu Busia ipate kituo kimoja cha forodha, kilichozinduliwa na Marais Kenyatta na Museveni Februari 2018, maafisa wa nchi mbili hukaa ndani ya jengo moja na kukagua mzigo mara moja. Lililowezekana kwa saruji na mafuta ya kupikia litashindikanaje kwa mtoto?

Na vyuo vibadili namna ya kupandisha watu vyeo. Hivi sasa mhadhiri akiandika makala katika jarida, hiyo ni pointi. Akimkalisha mwanafunzi miezi sita hadi akapata ufadhili wa miaka minne, hiyo ni hisani. Nimeeleza mimi nilichagua nini wakati ule, na nilichagua kama mfumo ulivyonifundisha. Anayewasaidia vijana kwa hisani pekee atachoka, au atastaafu, na daftari lake litaliwa na mchwa.

Wafanyabiashara nao wana lao. Tunavyo vyama vya kuzikana, vya kununuliana vyombo na vya kukopeshana mtaji wa nyanya. Pasipoti ya kawaida ya Uganda ni Sh250,000. Mtoto anayeambiwa atume nakala ya pasipoti kwa muda wa majuma mawili, naye hana hata ya kuomba, ameshachelewa. Kikundi cha akina mama ishirini kinaweza kumtolea mtoto mmoja kila muhula bila kuhisi. Na nyinyi mliosoma ng'ambo mkarudi, mnaokaa kwenye vibanda vyenu mkisema hapa kijijini hakuna wa kuzungumza naye: insha za waombaji zinahitaji wasomaji. Jioni mbili kwa mwezi zinatosha.

Yule msichana wa nyanya hakwenda kusomea uhandisi. Babake aliuza ng'ombe wawili, akasoma biashara hapa hapa Uganda kwa kujilipia, na leo anafanya kazi na wakala mmoja wa forodha Malaba, akiandaa hati za malori. Nilipokwenda kumwomba radhi kwa mara ya pili, alikuwa na kalamu nyekundu mkononi akilinganisha nambari za kontena. Akaniambia bila kuinua macho: "Mwalimu, hapa nikikosea herufi moja lori linalala. Najua jinsi linavyolala."

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi huja nyumbani kwangu Kwapa, tunakaa chini ya mwembe na lile daftari. Anayemleta mtoto alete cheti cha kuzaliwa, vyeti vyote vya shule pamoja na vile vya upande wa pili, na vitambulisho vya wazazi. Nakala hazitoshi. Yeye huanza kwa kusoma majina kwa sauti, herufi baada ya herufi, kabla ya kumuuliza mtoto alipata alama gani.